Muuzaji Anapoikana Waranti: Njia za Kisheria Alizonazo Mnunuzi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa watumiaji wa bidhaa na huduma. Inachapishwa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tumelipitia, au tumemwona jirani akilipitia. Umenunua kifaa kipya, umekabidhiwa karatasi ya waranti ya mwaka mmoja, kifaa kimeharibika kabla mwaka haujatimia, umekirudisha kwa aliyekuuzia, naye amekuambia kwamba waranti haihusiki. Pengine amesema umekitumia vibaya. Pengine amesema kibandiko kimebanduliwa. Pengine amekuelekeza kwa mtengenezaji, na mtengenezaji akakurudisha kwake. Je, hapo ndipo mambo yanapoishia?

Wengi wetu huamini hivyo. Hurudi nyumbani na kifaa kibovu, wakijiambia kwamba aliyeiandika karatasi ya waranti ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu maana yake. Ndugu zangu, sivyo. Waranti ni ahadi ambayo muuzaji au mtengenezaji ameiongeza juu ya wajibu ambao sheria ilikwisha kumwekea. Akiikataa ahadi hiyo, wajibu ule wa kwanza unabaki palepale, na ahadi yenyewe bado inaweza kudaiwa mbele ya mtu ambaye si yeye. Yote nitakayoyasema leo yanasimama juu ya kauli hiyo.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo nitachukua mifano kutoka mahali mbalimbali, na kila mmoja atapaswa kuyalinganisha haya na sheria ya mahali aliponunulia. Hata hivyo, mtakaponisikiliza mtaona kwamba misingi inafanana kwa kiasi kikubwa.

Naomba nianze na swali ambalo wauzaji wengi wasingependa kuulizwa. Kama pasingekuwapo karatasi yoyote ya waranti, muuzaji angekuwa na wajibu gani kwako?

Nchini Uingereza, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893 iliweka katika maandishi kanuni ambazo majaji walikuwa wamezijenga kwa muda mrefu kupitia hukumu zao: kwamba mfanyabiashara anapouza bidhaa za aina anayoshughulika nayo, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hiyo ina ubora wa kustahili kuuzwa, na kwamba itafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza kuwa anaihitaji. Ahadi hiyo haihitaji kuandikwa, wala haihitaji kutamkwa. Huingia katika mauziano kwa nguvu ya sheria yenyewe. Sheria hiyo ilisambaa katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya utawala wa Uingereza, na sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania ni za ukoo huo. Umoja wa Ulaya nao, tangu mwaka 1999, umezitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba muuzaji anawajibika kwa mtumiaji kwa muda usiopungua miaka 2 tangu bidhaa ilipokabidhiwa, iwe imekuja na waranti ya kiwandani au la. Australia haikuweka idadi ya miaka: sheria yake ya watumiaji, iliyoanza kazi mwaka 2011, hutazama muda ambao mtu mwenye busara angetarajia bidhaa ya aina hiyo na ya bei hiyo idumu. Kwa hiyo jokofu la bei kubwa likifa mwezi wa kumi na nne, muuzaji wa huko hawezi kunyoosha kidole kwenye waranti ya miezi 12 na kuyafunga mazungumzo.

Sasa mtauliza: je, muuzaji hawezi kusema kwamba, maadamu umepewa waranti, basi waranti hiyo ndiyo imechukua nafasi ya haki zako nyingine? Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika shauri la Rogers dhidi ya Parish, ambalo hukumu yake ilichapishwa mwaka 1987. Mnunuzi alikuwa amepewa gari jipya la Range Rover, likawa na kasoro, akabadilishiwa akapewa jingine. La pili nalo likamtesa: injini haikuunguruma sawasawa, gia zilipiga kelele, mafuta yalivuja, na bodi ilikuwa na dosari. Baada ya takriban miezi sita ya kupeleka na kurudisha, mnunuzi alilikataa gari hilo kabisa. Muuzaji akajitetea kwamba gari linatembea, kwamba kasoro zote zinarekebishika, na kwamba waranti ya mtengenezaji iliwekwa kwa ajili ya matatizo ya namna hiyohiyo.

Mahakama haikukubali. Jaji Mustill aliuliza kama kweli inaweza kuwa sawa kusema kwamba mtu anayenunua gari jipya lenye waranti atarajie kidogo kuliko yule anayelinunua bila waranti. Jibu lake lilikuwa kwamba waranti ni nyongeza juu ya haki za mnunuzi, si punguzo. Nyongeza, si punguzo. Naomba maneno hayo matatu mwende nayo nyumbani, kwa sababu mtakapoambiwa kwamba waranti imekwisha, au haihusiki, au imebatilika, mtajua kwamba kilichoondoka, kama kweli kimeondoka, ni ile nyongeza tu.

Hapa ndipo inapoanguka pia ile danadana ya kumrusha mnunuzi kati ya muuzaji na mtengenezaji. Fedha zako ulimpa nani? Risiti ina jina la nani? Mkataba wa mauziano ni kati yako na aliyekuuzia, na wajibu wa ubora nilioueleza ni wake yeye. Waranti ya kiwandani ni ahadi ya pili, ya mtengenezaji, inayosimama pembeni ya ule wajibu. Unaweza kuitumia ukipenda, na mara nyingi ndiyo njia ya haraka zaidi, lakini muuzaji hana mamlaka ya kukulazimisha uende huko kana kwamba yeye alikuwa mpita njia katika biashara hiyo. Akisema "nenda kiwandani", mjibu kwa upole kwamba ulinunua kwake, na kwamba yeye na kiwanda watajua namna ya kumalizana.

Na unadai nini hasa? Sheria nyingi huanza na matengenezo au kubadilishiwa bidhaa, bila gharama na bila usumbufu mkubwa. Hilo likishindikana, ndipo mnunuzi hupunguziwa bei au huvunja mkataba na kurudishiwa fedha. Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, mnunuzi ana siku 30 za kwanza za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zote. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na nafasi hiyo ikishindwa, haki ya kuikataa bidhaa hurudi, ingawa huenda fedha zikakatwa kidogo kwa matumizi. Nafasi moja, ndugu zangu, si kumi. Australia hutofautisha kasoro kubwa na kasoro ndogo. Kasoro ikiwa ndogo, muuzaji huchagua namna ya kuirekebisha. Ikiwa kubwa, anayechagua kati ya kubadilishiwa na kurudishiwa fedha ni mnunuzi. Kwa maoni yangu huo ni utaratibu wa haki kuliko mwingi niliousoma, kwa sababu humtoa mnunuzi katika hali ya kuomba.

Nije sasa kwenye yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya karatasi, ambayo muuzaji huyafunua pale tu unapokuja kulalamika. Je, kila kilichochapishwa kinakufunga?

Mwezi Mei mwaka 1955, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Claus Henningsen alinunua gari jipya aina ya Plymouth ili amzawadie mkewe, Helen, kwa Siku ya Mama. Siku kumi baada ya kukabidhiwa gari hilo, likiwa limetembea maili 468 tu, Helen alikuwa akiliendesha aliposikia mlio mkubwa kutoka chini ya boneti. Alihisi kana kwamba kitu kimepasuka, usukani ukazunguka mikononi mwake, na gari likakata ghafla kwenda kulia na kugonga bango na ukuta wa matofali. Sehemu ya mbele iliharibika vibaya hata haikuwezekana kujua ni kifaa gani cha usukani kilichokatika.

Nyuma ya fomu ya ununuzi kulikuwa na zaidi ya inchi nane za maandishi madogo. Humo iliandikwa kwamba mtengenezaji atawajibika kwa siku 90 au maili 4,000, lolote litakalotangulia. Kwamba wajibu wake ni kubadilisha tu kipuri kitakachorudishwa kiwandani kwa gharama ya usafiri ya mnunuzi na kuthibitika kuwa kibovu. Na kwamba ahadi hiyo inachukua nafasi ya ahadi nyingine zote, za wazi au za kudhaniwa. Hebu tafakarini. Kipuri kipi wangekirudisha kiwandani, ilhali gari lilikuwa limebomoka kiasi cha kutojulikana kilichokatika ni kipi? Na mama aliyeumia, yeye angebadilishiwa nini?

Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilitoa hukumu. Ilizingatia kwamba watengenezaji wakubwa wa magari nchini humo walikuwa wakitumia waranti moja iliyoandikwa na chama chao, kwa hiyo mnunuzi asiyeyapenda masharti hayo hakuwa na duka jingine la kwenda kupata masharti bora. Ilizingatia kwamba mtu wa kawaida, kwa kuyasoma maandishi yale, asingeelewa kwamba anasaini kuziachia haki zake zote. Ikaamua kwamba sharti la kuukana wajibu wa ubora lilikuwa batili kwa kuwa linapingana na maslahi ya umma, na kwamba muuzaji na mtengenezaji wote wawili wanawajibika. Zaidi ya hayo, Helen hakuwa amesaini mkataba wowote. Aliyesaini ni mumewe. Mahakama ikasema hilo halimnyimi haki yake. Nimeisimulia hukumu hii kwa kirefu kwa sababu imebeba karibu kila kisingizio ambacho mnunuzi hukutana nacho hata leo: ulisaini, hukusoma, si wewe uliyenunua, waranti inasema vipuri tu.

Mwaka 1975 Marekani ilipata sheria ya waranti ijulikanayo kwa majina ya waliosimamia muswada wake, Magnuson na Moss. Kwa sheria hiyo, anayetoa waranti ya maandishi kwa bidhaa ya mtumiaji haruhusiwi kuifuta kabisa ahadi ya ubora inayowekwa na sheria, ingawa waranti yenye mipaka inaweza kuufupisha muda wake kwa kiasi cha haki. Hawezi pia kukufunga kwamba waranti itadumu ikiwa tu utatumia vipuri au mafundi wa kampuni moja, isipokuwa akikupa huduma hiyo bure au akipata kibali maalumu. Na mtumiaji akishinda mahakamani, mahakama inaweza kuamuru alipwe pia gharama za wakili. Kifungu hicho cha mwisho kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa mdai mwenye dai dogo asingepata wakili kama gharama zingelizidi dai lenyewe.

Kuhusu kile kibandiko kinachosema waranti hubatilika kikibanduliwa, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliziandikia kampuni sita mwezi Aprili mwaka 2018 ikizionya kwamba masharti ya namna hiyo huenda yanavunja sheria. Mwaka huohuo Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamuru kampuni ya Apple ilipe faini ya dola za Australia milioni 9, kwa sababu wateja ambao simu na tableti zao zilizimika baada ya kusasishwa programu waliambiwa kwamba hawana haki ya kutengenezewa kwa kuwa vifaa vyao vilikuwa vimewahi kufunguliwa na fundi wa nje. Kosa lililoadhibiwa lilikuwa hilo la kuwaambia wateja kwamba haki yao haipo wakati ipo. Kumdanganya mnunuzi kuhusu haki zake ni kosa linalojitegemea katika nchi nyingi, na ni vyema muuzaji anayekataa kwa urahisi akumbushwe hilo kwa maandishi.

Haifuati kwamba kila sharti ni batili. Kampuni mbili zinapouziana mitambo, mahakama nyingi huziacha zifungwe na masharti ziliyokubaliana. Lakini ninyi mnaponunua kwa matumizi ya nyumbani, sheria za watumiaji kwa kawaida hazikubali haki za msingi zifutwe kwa kalamu ya muuzaji.

Na kama maandishi madogo ya muuzaji hayawezi kufuta kila kitu, maandishi yake makubwa yanaweza kumfunga. Mwishoni mwa mwaka 1891 bibi mmoja wa Uingereza, Louisa Carlill, alinunua kifaa cha kuvuta moshi wa dawa baada ya kusoma tangazo la gazetini lililoahidi pauni 100 kwa yeyote atakayekitumia kama alivyoelekezwa kisha akapata mafua makali ya influenza. Alikitumia mara tatu kwa siku hadi katikati ya Januari, na bado akaugua. Kampuni ikasema tangazo lilikuwa maneno ya kibiashara tu. Mahakama ya Rufaa ikaamua mwezi Desemba mwaka 1892 kwamba ahadi ya wazi, iliyoambatana na taarifa kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kwamba kampuni haitanii, inamfunga aliyeitoa. Kwa hiyo boksi lililoandikwa "waranti ya miaka 2" ni ushahidi. Lipige picha. Tangazo lihifadhi. Ujumbe wa muuzaji kwenye simu usiufute.

Ndugu Mwenyekiti, haki hizi zote zinaweza kumponyoka mtu kwa sababu mbili: kuchelewa, na kukosa ushahidi. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa katika mashauri ya aina hii watu hupoteza zaidi hapa kuliko kwenye sheria yenyewe.

Kuhusu kuchelewa, kuna shauri la Bernstein dhidi ya Pamson Motors, la Uingereza, mwaka 1987. Mnunuzi alikuwa na gari jipya kwa wiki tatu tu, akiwa ameliendesha maili 140 hivi, lilipomzimikia katika barabara kuu. Sababu ilikuwa bonge dogo la gundi ya kiwandani lililoziba njia ya mafuta ya kulainisha injini. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora uliotakiwa. Lakini akaamua kwamba muda wa kulikataa ulikuwa umekwisha pita, hivyo mnunuzi akabaki na gari na kupewa fidia ndogo tu. Wiki tatu! Hukumu hiyo ililalamikiwa sana, nami naona ilistahili kulalamikiwa, na sheria ya nchi hiyo sasa imeweka siku 30 za wazi. Ila fundisho kwa mnunuzi halijabadilika: ukiona kasoro, toa taarifa siku hiyohiyo, na uitoe kwa maandishi.

Upo pia muda wa mwisho wa kufungua shauri. Kwa madai ya mkataba nchini Uingereza na Kenya ni miaka 6, na nchi nyingine zina hesabu zao. Muuzaji anayekuambia "njoo wiki ijayo" mwezi baada ya mwezi hasimamishi saa hiyo.

Kuhusu ushahidi, swali la kwanza ni nani anayepaswa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo. Katika Umoja wa Ulaya, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka 1 tangu kukabidhiwa, huhesabiwa kuwa ilikuwapo, na muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba sivyo. Uingereza, kwa anayetaka kutengenezewa au kubadilishiwa, muda huo ni miezi 6. Baada ya hapo, au mahali ambapo sheria haina kanuni hiyo, jukumu ni la mnunuzi, na ripoti ya fundi huru asiyehusiana na upande wowote huwa na thamani kubwa. Iombe ripoti hiyo kabla kifaa hakijafunguliwa na watu wengi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka risiti, na ikiwa imechapishwa kwenye karatasi inayofifia, ipige picha siku ya ununuzi. Risiti ikipotea, usikate tamaa. Taarifa ya benki au ujumbe wa malipo kwa simu unaweza kuthibitisha mauziano. Unapokiacha kifaa kwa muuzaji, usiondoke bila hati ya mapokezi yenye tarehe, namba ya utambulisho ya kifaa, hali yake ya nje, na tatizo ulilolieleza. Na ukiletewa karatasi ya kusaini unapokichukua, isome. Ikiwa imeandikwa kwamba umepokea kwa kukamilisha madai yako yote, andika kando ya saini yako kwamba hujakijaribu na kwamba haki zako zinabaki.

Kisha andika barua ya madai. Nitawasomea namna inavyoweza kuwa, ili muone kwamba haihitaji maneno makubwa: "Tarehe hii nilinunua kwenu mashine ya kufulia yenye namba hii, kwa risiti namba hii. Katika wiki ya sita ilianza kusimama kabla ya kumaliza kazi na kuonyesha alama ya hitilafu kwenye kioo chake. Niliileta kwenu tarehe hii, mkakataa kuitengeneza kwa maelezo kwamba imeingia unyevu. Sikubaliani na maelezo hayo, na naomba mnipe ripoti ya fundi wenu kwa maandishi. Nawataka muitengeneze au muibadilishe bila malipo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Msipofanya hivyo, nitapeleka suala hili kwa mamlaka ya ushindani na watumiaji, na mahakamani." Basi. Hakuna matusi, hakuna vitisho vya kumchafulia jina, kuna tukio, dai, na tarehe. Wauzaji wengi hubadilisha msimamo hapo, kwa sababu wameona kwamba mtu huyu ana kumbukumbu.

Kabla sijaendelea, nitaje kwa ufupi mahali ambapo mnunuzi hana dai, kwa kuwa tukidai tusichostahili tunawaharibia wenye haki. Huna dai ukiwa umebadili nia tu. Huna dai kwa kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kulipa. Huna dai kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa simu uliyoiangusha. Na ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, ulinzi hupungua sana.

Tuseme sasa barua imeandikwa, siku 14 zimepita, na muuzaji yuko kimya. Uende wapi?

Ikiwa ulilipa kwa kadi, anza na benki yako. Mifumo ya kadi ina utaratibu wa kumrudishia mteja malipo bidhaa inapokuwa na kasoro na muuzaji amekataa kushughulika, lakini muda wake ni mfupi, huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo usiusubiri mlolongo mwingine wote uishe. Uingereza ina kinga yenye nguvu zaidi: kwa kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya mwaka 1974, ukinunua kwa kadi ya mkopo bidhaa inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, mkopeshaji anawajibika pamoja na muuzaji. Hii ndiyo njia inayosaidia hata muuzaji akiwa amefilisika au amefunga mlango.

Njia ya pili ni mamlaka za serikali, kama vile Tume ya Ushindani nchini Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, au tume za namna hiyo za Kenya, Australia na kwingineko. Msiende huko mkitarajia kila mara kulipwa fedha zenu, kwa maana vyombo vingi vya aina hii hutazama mwenendo wa mfanyabiashara kwa jumla. Pelekeni malalamiko hata hivyo. Tume haiwezi kuona kwamba wateja mia moja wamedanganywa ikiwa tisini na tisa wamenyamaza.

Njia ya tatu ni upatanishi, ambao hugharimu kidogo na humwacha kila mtu na heshima yake. Kuweni waangalifu na kitu kimoja tu: kama mkataba unasema lazima mgogoro uende kwa msuluhishi aliyeteuliwa na muuzaji, ulizeni kwanza kama sharti hilo linakubalika kwa mtumiaji katika nchi yenu.

Na njia ya nne ni mahakama. Najua wengi mkisikia neno mahakama mnawaza miaka na mawakili. Kwa madai ya kiasi hiki nchi nyingi zimefungua mlango mwingine, mahakama za madai madogo, ambako taratibu zimerahisishwa na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Uingereza na Wales, utaratibu wa madai madogo kwa kawaida huchukua madai hadi pauni 10,000. Unakwenda na risiti, barua, picha, ripoti ya fundi na mpangilio wa matukio kwa tarehe, uliouandika ukurasa mmoja.

Mambo mawili huwaangusha wadai katika hatua hii, na yote mawili huzuilika. La kwanza ni kumshtaki asiyekuwapo. Jina lililo kwenye bango la duka mara nyingi si jina la kampuni iliyosajiliwa. Litazame kwenye risiti, kisha ulihakiki katika daftari la usajili wa kampuni kabla hujafungua shauri, la sivyo utashinda dhidi ya jina tupu. La pili ni kudhani kwamba hukumu hujilipa yenyewe. Muuzaji asipolipa, ni wewe unayepaswa kurudi mahakamani kuomba hukumu ikaziwe, kwa kukamata mali yake au fedha zake zilizo benki. Ombi hilo lina fomu yake na ada yake, na ada hiyo kwa kawaida huongezwa kwenye deni.

Wale mliokuja na karatasi zenu za waranti, nimeambiwa meza ya pembeni imetengwa ili tuzisome pamoja, mmoja baada ya mwingine. Wenye maswali ya jumla naomba wanyooshe mikono sasa. Asanteni sana.